Kutu Iliyolala

Kila akitoka shule, Kiguunanjia alivua sare na kuketi mbele ya jiwe la kusagia, katika karakana ya shangazi yake mfinyanzi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kiti alichowahi kukipasha joto. Kazi yake ilikuwa kusaga kutu kwa maji, vumbi lisiingie kifuani, mpaka iwe laini kama uji. Shangazi huichanganya kwenye rangi ya kupaka vyombo, na moto wa tanuri huifanya ing'ae kama kioo.

Siku hiyo wenzake waliruka kamba nje. Akasaga kidogo, akachungulia dirishani, akasaga tena. Mkono ulikuwa jiweni, moyo uko kwenye kamba. Mwishowe akaimimina kutu ya chengachenga katika ndoo ya rangi, akaikoroga, huyo akatoka mbio.

Aliporudi, shangazi alikuwa ameshapaka vikombe vyote vya watoto wa chekechea na kuvipanga tanurini. Akaenda mlangoni, akarudi. Akachukua ufagio, akafagia palipokwisha fagiliwa. Shangazi akamuuliza kama amekalia siafu, kisha akachukua kiberiti.

"Shangazi, usiwashe. Kutu sikuisaga vizuri."

Shangazi hakufoka. Akavitoa vikombe, wakaviosha kimoja kimoja, ila kimoja alikiacha kama kilivyo. Kiguunanjia akairudisha rangi jiweni, akasaga hadi mabega yakawaka. Wakapaka upya, tanuri likawashwa.

Lilipopoa kesho yake, vikombe vilikuwa laini kama ganda la yai. Kile kimoja kilikuwa na chunusi tupu. Kiguunanjia alipokiweka mdomoni, kikamkwaruza.

"Lakini shangazi, si kutu ileile?"

"Kitendawili."

"Tega."

"Kadiri ninavyompiga, ndivyo anavyopata nguvu."

Kiguunanjia akatazama jiwe. "Kutu."

"Umepata. Kusaga hakuipunguzi ukubwa tu, mwanangu. Kunavuruga mpangilio wake wa ndani, inakosa utulivu. Ikiguswa na moto haingoji kubembelezwa, inaungana na rangi mara moja. Hiyo yako ya jana ilikuwa imelala."

"Kumbe kutu ikisagwa inakuwa kiguunanjia kama mimi."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo, ila yenyewe haikimbii kazi. Ukweli wako umeiokoa midomo ya watoto. Siku nyingine useme kabla sijapaka. Haya, kamba inakungoja."