Ametumia

Siku ya soko haina adabu. Katika msukumano wa vitenge na magunia ya maharage mjini Gitega, msumari wa meza ya fundi ulilinasa pindo la sketi ya Jovina, mwenyeji wa Makebuko. Radjabu, mwenye kofia ya kufuma na utepe wa kupimia shingoni, alilishona papo hapo, huku akimtania kwamba Kiswahili chake kilitoka Tanzania kimepigwa pasi. Jovina, aliyekulia ukimbizini, alicheka.

Radjabu aliporudi kwao Muyinga, mapenzi yakahamia kwenye simu: mpenzi umekula, mpenzi umelala. Kisha sauti yake ikawa nzito, naye akakiri kwamba alikuwa akivuta unga wa kulevya. Haukupita muda, polisi wakamkamata akiwa nao, wakimshuku kuusambaza.

Jovina aliitwa mahakamani kushuhudia. Wakili wa Radjabu alikuwa amemweleza kwamba mgonjwa huenda akapelekwa kutibiwa, lakini msambazaji hufungwa. Kwa hiyo aliiona kweli kuwa wokovu. Kirundi cha mahakama kilimshinda, akapewa mkalimani.

"Ametumia unga Muyinga mwaka mzima," alisema.

Mkalimani akaligeuza neno kwa Kirundi. Radjabu akamtazama mara moja, kisha akageuza uso.

Gerezani, Radjabu alikorudishwa kungoja hukumu, chakula alichompelekea Jovina kilirudishwa hakijaguswa. Jovina aliendelea kwenda, miguu ikimuuma, hadi Radjabu alipotoka kumwona.

"We ulisema mi ninatuma unga kwa watu," alisema taratibu. "Sheri, mpenzi wangu, kama ulinichoka, ungesema tu."

"Nilisema umetumia."

"Ndiyo hiyo. Hapa kwetu ukitumia mtu kitu, umemupelekea."

Jovina aliegemea ukuta. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Kutumia, Radjabu. Kuvuta. Mwenyewe."

Radjabu akamsihi asiliseme hilo mahakamani. Mama yake angekuwapo. Alidhani mwanawe anauuza tu, hakujua kwamba ni mlevi wa unga. Afadhali gereza kuliko aibu hiyo.

"Afadhali kwako," Jovina alimjibu. "Mimi nakutaka hai."

Aliomba kusikilizwa tena. Safari hii alilikwepa neno lile. Alieleza kwamba Radjabu hakumpelekea mtu yeyote unga. Aliuvuta yeye, hadi mikono ikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nyuma yake mama mtu alijifunika uso kwa ushungi. Jovina aliusikia mguno wake, lakini hakuacha kusema.

Hakimu aliamuru Radjabu akatibiwe Gitega, na akitoroka matibabu arudishwe gerezani.

Nje, kando ya gari, Radjabu alisimama baina ya askari wawili.

"Mama hataki kuniona," alisema.

"Najua."

"We bado unanipenda?"

"Nakupenda."

"Basi tuoane, nikipona."

"Usiniulize leo. Niulize mikono ikiacha kutetemeka."

Akaishika yote miwili, ikitetemeka vivyo hivyo, mpaka askari aliposema inatosha.