Kata Kushoto

Rafiki yangu mshonaji hapandi tena gari la mumewe, na sababu ni hii.

Mama yake alizidiwa, akahitaji kupelekwa hospitali, lakini usukani wa gari ulikuwa umeharibika, na mume wa rafiki yangu alikataa katakata kuita fundi. Akajifungia bandani na mkewe, akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akabadilisha mafuta ya usukani. Mkewe alikaa ndani azungushe usukani, injini imezimwa, ili hewa itoke. Boneti iliyoinuliwa ilimficha mume.

"Kata kulia! Polepole, mama, hutwangi mahindi!"

"Mama yangu anakata roho, wewe unajifanya fundi!"

Mke akanuna. Gizani mle alisikia mapovu tu yakitokota kwenye kopo la mafuta ya usukani.

"Kulia," sauti ikasema, nzito.

"Usukani umefika mwisho!"

"Kulia."

Akashuka kwa hasira akamseme. Papo hapo mlango wa nyuma wa banda ukafunguliwa, mumewe akaingia na chupa ya mafuta, anahema.

"Nilikuaga kwamba naenda dukani, hata kuitika hukuitika. Sasa nani kakwambia uzungushe?"

Kabla hajajibu, nyuma ya boneti sauti ikasema, "Kushoto."

Usukani ukaanza kuzunguka, polepole, na ndani ya gari hakuna mtu.