Daftari la Don Arquímedes

Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba 1996, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Quírico, kinyozi wa Jobo Seco, alifungua kufuli la droo yake, akatia mkono, akatoa wembe wa zamani na kopo la poda. Akatia mkono tena, akapapasa mpaka pembe za mwisho. Daftari halikuwamo.

Hakupiga yowe. Alitoka na mkasi mkononi, akaingia mlango wa pili, saluni ya Fiordaliza.

"Dada," alisema, "wametuibia wanetu."

Fiordaliza alikuwa akimfunga mteja vibana vya nywele. Alielewa mara moja. Mji mzima ulikuwa na daftari moja tu la kuitwa daftari. Kwa miaka ishirini na miwili Don Arquímedes Peguero, aliyestaafu ukarani wa mzani wa miwa, alikuwa akiandika humo habari za kila mchezaji wa besiboli aliyezaliwa Jobo Seco. Waliobahatika kuingia ligi ya majira ya baridi hapa nyumbani walikuwamo. Walioachwa na timu kubwa, wakaangukia zile ligi huru za Kaskazini, ng'ambo ya bahari, ambako mtu hulala kwenye basi kwa muda wa saa kumi na mbili ili akacheze mbele ya watu mia tatu, walikuwamo pia. Hao magazeti ya mji mkuu hayakuwaandika, lakini Don Arquímedes aliwaandika. Kila siku saa kumi na mbili jioni alikaa kwenye kiti cha kinyozi, akawasomea watu.

Na siku hiyo, kuliko siku zote, daftari lilitakiwa. Alhamisi Evaristo Cuello, mtafuta wachezaji wa timu moja ya ligi ya baridi, alikuwa amempigia simu Don Arquímedes. Mrushaji wao wa mkono wa kushoto alikuwa ameumia bega. Aliwataja warushaji wawili vijana wa Jobo Seco, Wascar Luciano na Nelfi Rondón, akasema angekuja Jumamosi saa kumi alasiri kusoma daftari na kuchagua mmoja.

"Mwite koplo wa polisi," alisema mteja.

"Koplo ameenda kulinda mechi uwanjani toka jana, na ufunguo wa kituo anao yeye," alijibu Fiordaliza huku akivua aproni. Ndiye aliyempata jogoo wa padri mwaka uliopita, na tangu hapo mji ulikuwa na imani naye kuliko koplo.

Aliikagua droo. "Kufuli ulilikutaje?"

"Limefungwa, nikafungua na ufunguo wangu kama kawaida."

"Ufunguo mwingine?"

"Anao Don Arquímedes."

"Jana jioni nani aliliweka daftari humu?"

"Yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa namnyoa mtu ndevu, nikasikia tu kufuli likibana."

Don Arquímedes alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, amevaa koti zito na kulifunga vifungo vyote, na jua lile la Oktoba lilikuwa tayari linachoma mabati. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Vua koti, mzee, utaiva," alisema Quírico.

"Nina homa," alijibu, na macho yake hayakuinuka.

Watu walipokusanyika, jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Tirso, mwenye kibanda cha bahati nasibu, mjomba wake Nelfi. Muuza kahawa aliapa alimwona saa moja asubuhi mkono wake umezama dirishani kwa kinyozi hadi begani.

Fiordaliza alimkuta kibandani anajipepea na kalenda.

"Tirso, mkono wako ulikuwa unatafuta nini dirishani kwa Quírico?"

"Mkono upi?"

"Huo unaojipepea nao."

Tirso aliiweka kalenda chini. "Dada, nisikilize. Sikutoa kitu. Nilitia."

"Ulitia nini?"

"Karatasi. Nilimwandikia Nelfi sifa zake kidogo, nikataka Cuello aione mapema. Ikaangukia nyuma ya kioo."

Fiordaliza alirudi, akasogeza kioo, akaiokota. Kwa mwandiko wa Tirso iliandikwa kwamba hakuna mpigaji aliyewahi kuugonga mpira wa Nelfi hata mmoja tangu abatizwe. Watu walicheka mpaka Quírico akakaa chini. Dirisha lenyewe lilikuwa hatua nne kutoka kwenye droo, na mkono wa Tirso, kwa urefu wake wote, haukufikia hata kiti.

"Basi ni Quírico," alisema Tirso aliyekuwa amemfuata. "Ufunguo anao, na kila mtu anajua anampenda Wascar."

"Anayempenda Wascar angelificha kwa faida gani?" aliuliza Fiordaliza. "Bila daftari Cuello atamjuaje? Tena Quírico jana alipofunga duka tu alikwenda kwa bwana harusi, akalala huko, akamnyoa asubuhi. Mashemeji kumi na mmoja ni mashahidi."

Palepale jambo moja lilimkera. Mwizi ana haraka. Mwizi gani huiba, halafu akasimama kufunga kufuli?

Saa tano alikwenda kwa Doña Eulogia, mamake Wascar. Nyumba ilinukia mchuzi wa kuku na mihogo. Mwanawe alikuwa njiani kutoka Kaskazini baada ya miezi mitano, ndege inatua adhuhuri.

"Wamelichukua kweli?" aliuliza mama huyo. "Hainidhuru. Langu liko ukutani."

Karibu na jiko ilitundikwa kalenda, na kila mchezo wa Wascar ulikuwa umeandikwa kwa penseli ndani ya tarehe yake. Fiordaliza alishuka nayo kwa kidole: Mei, Juni, Julai. Kidole kikasimama katikati ya Agosti.

"Tarehe 12, 14, 17. Hizi uliziandika lini, mama?"

"Siku ile ile. Don Arquímedes alitusomea kwa mshumaa, wiki ile ya dhoruba. Hiyo ya kumi na nne waliigonga mipira yake vibaya, wakapata pointi nne. Nililia."

Fiordaliza aliikumbuka dhoruba ile, na nguzo zilivyolala barabarani kama walevi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu, kwa Digna.

"Agosti simu zilikatika siku ngapi?"

Digna alifunua kitabu chake. "Toka tarehe 11 hadi 19. Hata mlio haukuwepo."

"Na matokeo ya Wascar, nani alikuwa akiyaleta kwa simu?"

"Milquella, binamu yake. Alikuwa akisoma gazeti la kule, ananipigia kila Jumanne, namwita Don Arquímedes. Lakini Julai alihamia mji mwingine kwa kazi. Hajapiga tena."

Fiordaliza alishukuru, akatoka, akasimama juani. Alijua, na moyo ulimuuma kujua.

Saa tisa duka la Quírico lilikuwa limejaa. Cuello alikuwa amewahi, mtu mnene mpole, ameshika kofia. Fiordaliza alikaa benchini karibu na mzee, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, utasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Don Arquímedes aliinuka benchini. Kisha alifungua koti, kifungo kimoja kimoja, akalitoa daftari lililolowa jasho.

Mtu mmoja alisema, "Ah!" 

"Jana sikuliweka," alisema mzee. "Nilifunga kufuli tu, lenyewe likabaki kotini. Toka Julai simu ziliisha. Lakini jioni nikija hapa namkuta Eulogia amekaa kwenye benchi hili, anangoja. Ningemwambia nini? Siku ya kwanza nilibuni mchezo mmoja, ya pili nikashindwa kuacha. Michezo ishirini na mitatu. Nikasema Wascar akirudi nitamwomba anisahihishie taratibu. Mara bwana huyu anapiga simu, anataka kumpa mtu kazi kwa uongo wangu, na kumnyima mwenzake. Nilitaka kulichoma. Mkono ukakataa."

"Njia ya mwongo fupi," alinong'ona Tirso, na Fiordaliza akamwonyesha ile karatasi yake. Tirso alijisogeza nyuma ya watu.

Doña Eulogia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alitembea mpaka mbele ya mzee.

"Zile ulizibuni?"

"Ndiyo, Eulogia."

"Na tarehe 14 Agosti, ile nililia usiku kucha. Ulikuwa na uhuru wote duniani, kalamu ni yako, na ulimpa mwanangu pointi nne?"

Mzee alifumba macho. "Ningempa ushindi kila siku, nani angeniamini? Nilikuwa nabana mkono. Ushindi mmoja, vipigo viwili."

Kabla Eulogia hajamjibu, honi ililia nje. Gari la kukodi lilisimama, na Wascar akashuka, amenenepa kidogo, begi begani. Alikumbatiwa na watu thelathini kabla hajamfikia mama yake. Walimweleza kwa vinywa ishirini. Hakukasirika. Aliliomba daftari, akasoma Agosti yote amesimama, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Don Arquímedes, ulinichukia kiasi hiki?"

Alifungua begi, akatoa bahasha ya vipande vya gazeti alivyomkatia mama yake. Cuello alinyoosha mkono. Alisoma kimya kipande baada ya kipande, akigeuza, akirudia.

"Tarehe 14 Agosti," alisoma kwa sauti. "Luciano hakuruhusu pointi. Amewatoa wapigaji kumi na mmoja." Aliweka vipande magotini. "Mzee, Alhamisi ulinisomea kwenye simu hesabu za kijana huyu. Kwa hesabu zile nilikuwa nakuja kumchukua Nelfi."

Duka lilipasuka kwa kelele. Doña Eulogia alimpiga mzee na mwiko begani, kisha akambusu paji la uso.

"Nelfi naye nitamtazama mazoezini Jumatatu," alisema Cuello, maana uso wa Tirso ulikuwa umeanguka. "Lakini Wascar aje Jumanne na viatu."

Mchuzi ulihamishwa na sufuria yake mpaka kwa kinyozi, ukaliwa kwa vikombe vya kunyolea baada ya kuoshwa mara tatu. Don Arquímedes, akiwa na shati tu, aliketi na Wascar, akafuta mchezo baada ya mchezo na kuandika ule wa kweli juu yake. Walipomaliza alimkabidhi Fiordaliza ufunguo wa droo.

"Wewe ndiye mlinzi sasa," alisema.

Fiordaliza aliufunga ufunguo kwenye utepe, akauvaa shingoni. Kisha akamkalisha mzee kwenye kiti, kwa kuwa Jumatano wangekwenda uwanjani wote kumtazama Wascar, na nywele zake zilikuwa hazifai kuonekana mbele ya watu.