Mahari ya Ziwa la Tatu

— Anasema hataki feza, alisema Mama Mwanvua, shangazi wa bibi harusi, mkono ungali umeshika pazia la mlango.

Barazani wazee waliacha kutafuna visheti. Sheikh Radjabu, aliyekuja kusikia mahari ikitajwa, aliweka kikombe chini.

— Hataki feza, anataka nini? Cherehani? aliuliza Mzee Massoudi, baba wa bibi harusi.

— Apana, kaka.

— Dhahabu?

— Apana. Anataka atembezwe.

— Atembezwe wapi?

— Kule musituni, kwenye Sulemani anapelekaka miche na kamio. Sulemani mwenyewe amupeleke kwa miguu mpaka ziwa la tatu, alione kwa macho yake. Anasema hiyo njo mahari yake.

Baraza zima la mtaa wa Jabe lilicheka, na mzee mmoja akapaliwa na chai. Aliyekosa kucheka ni bwana harusi peke yake. Sulemani alikaa kwenye kona ya mkeka, kanzu imemnata mgongoni.

Kisa chake ni hiki. Mwaka mzima alikuwa amemposa Waridi kwa maneno ya msitu ule wa bondeni, ulio kusini kwenye njia ya Rumonge. Wengine waliposa kwa vitenge na manukato. Yeye alisimama dirishani kwa kina Waridi jioni na kumsimulia maziwa matatu yaliyofichwa na miti, maji yake meusi kama kahawa, na ndege wanaotembea juu ya maji. Siku moja alimletea mbegu nyekundu. Akasema ameziokota mwenyewe ukingoni mwa ziwa la tatu, na Waridi akazitunga ushanga ambao hakuuvua tena shingoni.

Na Sulemani, jamani, hakuwahi kuvuka geti la msitu ule. Alishusha miche getini, akala mihogo na mlinzi, akageuza kamio, lori lake.

— Mahari ni haki ya bibi harusi, alisema Sheikh Radjabu wazee walipotulia. Si ya baba wala ya shangazi. Ametaja jambo la halali, mimi sina la kupinga. Sulemani, umekubali? Ndoa ni Ijumaa ijayo, mahari itangulie.

— Nimekubali, alisema Sulemani.

Kesho yake alfajiri alikuwa getini. Bahizire, mlinzi, alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao na kuja kupata kibarua cha kutunza njia za msitu. Alimsikiliza huku akimenya muhogo.

— Ndugu yangu, unionyeshe njia, Sulemani alimsihi. Ao twende wote siku ile, utangulie mbele.

— Njia ni ile nilikuambiaka kila siku. We ulikuwa unasikiliza, ao ulikuwa unakulaka tu mihogo yangu?

— Bahizire, nitamupoteza huyu mutoto.

— Donc, basi, umuambie ukweli mbele ya kuingia. Mahari ya mutu hailipwe na mwingine.

Sulemani aliondoka ameazimia kusema. Lakini Alhamisi asubuhi Waridi alipopanda kamio, amejifunga kanga mpya, ushanga shingoni na uso umechangamka, maneno yalimrudi tumboni. Mama Mwanvua alikaa katikati yao na kikapu cha chapati, kama desturi inavyotaka.

Baada ya geti ilikuja bustani ya miti ambayo Wabelgiji waliipanda kabla ya uhuru. Ilikuwa miti ya Uhindi, ya Brazili, ya Australia, imesimama safu kwa safu, kila mmoja umepigiliwa kibati cha jina. Waliopigilia walikwisha kwenda kwao, na miti iliendelea kunenepa. Vibati vingine vilikuwa vimemezwa na magome, imebaki ncha tu.

Waridi aliegemeza kichwa nyuma mpaka kanga ikamdondoka.

— Hukuniambia kama ni mirefu hivi.

— Ni... nilisahau.

Mwisho wa bustani njia iligawanyika.

— Wapi? aliuliza Waridi.

— Kushoto.

Kushoto kuliwapeleka kwenye tope. Kiatu cha Mama Mwanvua kilizama na hakikuonekana tena. Waliporudi kwenye njia panda, Waridi aliona Sulemani ameushika mti kwa mikono miwili, amefumba macho.

— Sulemani. Umefika huku mara ngapi?

Angeweza kuongopa tena. Alitazama juu, mahali ambapo mbingu ingepaswa kuwa.

— Sijafika hata siku moja.

— Na maji meusi kama kahawa?

— Ni Bahizire wa getini alinisimulia.

— Na hizi? Waridi aligusa shingo yake.

— Bahizire aliokota.

Mbali kidogo nyani alikohoa.

— Mwaka muzima, alisema Waridi. Nimependa mudomo wa mutu mwingine. We ulikuwa unaogopa nini?

— Miti. Mi ni mutoto wa barabara, Waridi. Nikiona mbingu imefungwa, pumzi inanipotea. Niliona aibu, ungenicheka.

— Ningekucheka siku moja, ikaisha.

— Turudi nyumbani, aliingilia Mama Mwanvua, mguu mmoja mtupu. Ndoa imekufa. Mutu anadanganya juu ya maji, kesho atadanganya juu ya wanawake.

Waridi alivua ule ushanga, akaufungia kwenye kiganja cha Sulemani.

— Ndoa tutaizungumza, shangazi. Ila mahari ni yangu. Nitaifuata mwenyewe.

— Unajua njia? aliuliza Mama Mwanvua.

— Aliniambia huyu dirishani, kwani yeye amesahau? "Miti ya majina ikiisha, tafuta mawe ya chokaa, hata kama majani yameyafunika."

Akainama, akafunua majani kwa mkono. Jiwe jeupe lilikuwepo pale, upande wa kulia.

Basi ndivyo walivyokwenda. Msimuliaji nyuma, msikilizaji mbele. Kila neno alilolitupa Sulemani dirishani, Waridi alikuwa ameliweka.

— "Mti uliolala, pita chini yake." Hii ni ya Bahizire ao ni yako?

— Ya Bahizire.

Walipita chini ya mti uliolala, wakatokea kwenye ziwa la kwanza. Maji yalikuwa meusi, yametulia, yana miti yote ndani yake. Mama Mwanvua aliinama kuosha mguu, akaona uso wake, akasahau kulalamika. Ziwa la pili lilikuwa limefunikwa na mayungiyungi, na juu ya majani yake ndege wembamba wa miguu mirefu walitembea taratibu kama watu wanaotoka msikitini.

— Yarabi, alinong'ona Sulemani. Kumbe ni kweli.

— Wewe ndiye ulinisimulia, alisema Waridi bila kugeuka.

Baada ya hapo miti ilikaribiana, kukawa giza mchana. Sulemani alisimama. Jasho lilimtoka, kifua kikagoma. Waridi aliachia pindo la kanga yake likaning'inia nyuma.

— Shika.

Akalishika.

— Na wale ndege weupe wawili wa ziwa la tatu, aliuliza Waridi wakitembea. Wenye hawaachanaka. Ni ya Bahizire?

Ilikuwa rahisi kumpa Bahizire na hiyo.

— Apana. Hao ni wangu, nilibuni. Nilitaka ufikiri ni sisi.

Waridi alilivuta pindo kidogo, wakaendelea.

Ghafla giza liliisha. Ziwa la tatu lilikuwa kubwa, la mviringo, na katikati yake ulisimama mti uliochanua maua meupe kuanzia juu mpaka kwenye maji. Mama Mwanvua alisema "Subhanallah" kwa sauti, na maua yakaruka.

Yalikuwa yangeyange, ndege weupe, mamia kwa mamia. Walipaa wote kwa pamoja, na mlio wa mabawa yao ulipita vifuani mwa wale watu watatu. Juu kulikuwa kweupe, na majini kulikuwa kweupe. Walizunguka ziwa zima polepole, kivuli chao kikawapita usoni, kisha wakashuka tena mmoja mmoja mpaka mti ukachanua upya.

Sulemani alikuwa analia na hakujua. Alikuwa amesahau kuogopa.

— Ulidanganya, alisema Waridi mwishowe. Na hata uongo wako ulikuwa mudogo, ndege wawili tu. Sasa simulia.

Sulemani alifungua mdomo, bingwa wa dirishani, akaufunga.

— Sina la kusema.

— Leo nakusadiki. Nirudishie mbegu zangu.

Alimpa. Waridi alizivaa pale pale.

— Ukiogopa, useme umeogopa. Mume mwoga nitamuweza. Mume wa kunificha mambo sitamuweza.

— Mi sijasikia kitu, alisema Mama Mwanvua akijifuta macho. Nilikuwa naangalia ndege.

Ijumaa, baada ya sala, Sheikh Radjabu alisogea karibu na pazia.

— Waridi binti Massoudi, mahari yako umeipokea?

— Nimeipokea, sheikh.

— Imetimia?

Nyuma ya pazia mbegu za ushanga ziligongana.

— Imezidi, alisema Waridi. Iliyozidi nitamrudishia kidogo kidogo, mpaka tuzeeke.