Maji ya Nyuma ya Msikiti

Bi Biubwa anakaa Kiwangwa. Nyumba yake imepakana na msikiti. Kila asubuhi, akishauza vitumbua vyake, alikuwa akishika jembe na kuchimba mfereji ili maji yasiingie jikoni. Yalikuwa maji ya udhu. Lakini mvua zikinyesha, shimo la choo cha msikiti lilikuwa likifurika, na maji yake yakipita humo humo.

Masika moja, mjukuu wake Mina aliharisha mara tatu. Mara ya tatu alilegea hata kichwa hakuweza kukiinua. Akalazwa zahanati siku mbili.

Waliporudi, Adila, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ameanza kunywa uji."

Adila aliutazama ule mfereji. "Mina hucheza wapi?"

Bi Biubwa alionyesha kwa kidole. "Hapo hapo. Lakini ni maji ya msikiti. Niseme nini mimi? Wataniona napigana na nyumba ya Mungu."

"Maji ya udhu peke yake yasingetutisha. Haya yamechanganyika na ya choo, yana vijidudu vya kuharisha. Twende kwa Mzee Mtoro."

Mzee Mtoro, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, hakufurahi. "Watu wanajitwaharisha hapa, nyinyi mnasema uchafu?"

Bi Biubwa akataka kurudi nyumbani. Adila akasema kwa upole, "Tunakuomba uje utazame tu, mzee."

Mzee Mtoro aliyafuata maji mpaka jikoni. Akaona mafiga yamezungukwa na tope. Mina alikuwa amelala mkekani, mbavu zikihesabika.

"Mwaka wa ngapi huu, Biubwa?"

"Wa nne."

"Na kila Ramadhani unatupikia futari." Mzee Mtoro aliinamisha kichwa. "Tuwie radhi."

Kamati ikachangisha fedha. Adila akamleta Abdulnasir, fundi wa maji taka, na wanakijiji wakachimba pamoja.

"Maji yote yataingia kwanza kwenye tangi hili la vyumba viwili," fundi alieleza. "Uchafu mzito utazama chini. Kisha maji yatapita polepole kwenye shimo hili pana la kokoto. Tumelisakafia kwa saruji ili yasivuje kwenda kisimani. Juu tunapanda matete. Mizizi yake, pamoja na vijidudu vizuri vinavyoishi kwenye kokoto, vitapunguza uchafu."

"Yakitoka yatanyweka?" Bi Biubwa aliuliza.

"Hapana, bibi. Wala msifulie. Yatakwenda kwenye migomba, chini ya udongo, watoto wasiyachezee. Tangi likijaa tope, iteni gari la kulinyonya. Na msimwage humo mafuta wala makombo. Yataziba kokoto."

Masika iliyofuata, mvua zilikuwa nyingi, lakini ua wa Bi Biubwa haukuingia maji ya choo. Mina hakuharisha hata mara moja. Alianza shule, amenenepa.

Siku ya Maulidi watu walijaa msikitini. Baada ya kula, vijana wawili walibeba sufuria ya mafuta machafu, wakafunua mfuniko wa tangi. Bi Biubwa alikuwa akiosha sahani. Akasimama.

"Humo hayamwagwi mafuta," alisema, mbele ya wanaume wote.

Kijana mmoja akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, tumwage wapi basi?"

"Muulize Bi Biubwa," alijibu Mzee Mtoro. "Yeye ndiye anayejua."