Kidonge cha Kesho Yake

Daphrose alikuwa akipima makaa mbele ya nyumba yake, Gasenyi, lakini akili yake haikuwa kwenye makaa. Jumamosi kondomu ilipasuka. Leo ilikuwa Jumanne.

Miezi saba nyuma alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto akafa, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Daktari alimwambia waziwazi: asibebe mimba kabla ya miaka miwili, maana kovu la ndani linaweza kuchanika. Tangu mazishi, mumewe Sylvère alikuwa mtu wa maneno machache, na nyumba nzima ilikuwa imepoa.

Jirani yake Jovithe, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja kununua makaa. Akamtazama usoni.

"Mama Kelly, uko na nini?"

Daphrose akamweleza kwa sauti ya chini. "Najua kuko pilule ya lendemain, kile kidonge cha kuzuia mimba. Lakini lendemain ni kesho yake, na ile siku ilishapita. Mi nimekwisha, dada."

Jovithe akaweka mfuko chini. Jina hilo la Kifaransa limewaponza wanawake wengi. Si wajinga, wamelielewa tu kama lilivyo.

"Apana. Haingoje kesho yake. Unaikunywa palepale. Hata siku ya tano inaweza kusaidia, lakini ukichelewa nguvu inapungua. Kwa we kuko kitu cha nguvu zaidi: stérilet ya shaba."

Daphrose alikijua kitanzi hicho kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. "Si inazuia mimba za mbele tu?"

"Tukiiweka ndani ya siku tano, inazuia na hii ya Jumamosi. Kwa wanamuke elfu moja, labda mumoja tu anapata mimba. Kisha inabaki kukukinga miaka mingi."

"Na huyo mumoja?"

Jovithe hakumdanganya. "Anaweza kuwa we. Siku zako zikichelewa, kuja tupime. Na ukisikia tumbo linauma sana upande mumoja, ao kizunguzungu, usingoje hata saa moja. Mimba inaweza kuwa imeshika inje ya mji wa mimba, na hiyo inaua."

Daphrose akafunga biashara, wakaenda asubuhi ileile. Walimpima kwanza, kisha wakamwekea. Iliuma kidogo, ikaisha.

Kazi kubwa ilikuwa kungoja. Kwa wiki mbili alikula bila kusikia ladha. Kila alipowatazama wanawe, Kelly na Loïc, alihesabu siku upya.

Siku zake zilikuja Alhamisi, nzito kuliko kawaida, kama Jovithe alivyomwonya. Alimwambia Sylvère mezani kwamba hana mimba, watoto wakiwa nje.

Sylvère akasukuma sahani pembeni. Hakuwa amelia siku ya mazishi, sasa alilia.

"Hizi siku zote nilikuwa najiuliza," alisema, "ukikufa, nitaambia batoto nini."