Malisho Yaliyopakwa Kijani

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na mashine moja kati ya mbili ilikuwa imegoma. Fundi cherehani alikuja kutoa nakala ya mtindo wa gauni. Alivaa blauzi ya manjano aliyojishonea mwenyewe, pini tatu bado ziko begani. Mbele yake kijana mrefu, buti zake nyekundu kwa vumbi, alipokea makaratasi makubwa yangali ya moto, akageuka bila kuangalia. Wakagongana. Makaratasi yote chini.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo, dada, yamepotelea kwenye hiyo blauzi. Na hizo pini, unawinda watu?"

Fundi alicheka bila kutaka. Walipotoka walikuwa wameshapeana namba.

Kijana alikuwa mpima ardhi wa kampuni ya miti. Viwanda vya mbali huchafua hewa, halafu hulipa miti ipandwe vijijini iisafishe. Kazi yake ilikuwa kutafuta pa kuipanda. Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Mpima wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi, kipenzi. Nashushia na sauti yako."

Jumatatu moja kijana alifika kwenye kibanda cha Fundi cha ushonaji, akatandaza ramani juu ya meza ya kukatia, kifua mbele. Fundi aliinama kuitazama, akauona mlima wa kwao.

"Hapa pa kijani ni nini?"

"Ardhi isiyotumika. Miti miaka thelathini, mifugo marufuku. Wanakijiji wanasaini Ijumaa."

"Isiyotumika? Hapo mama yangu analisha mbuzi! Wamenisomesha ushonaji hao, na mama hana shamba jingine!"

"Mpenzi, nilikaa siku nne. Sikuona hata kwato."

"Ulikwenda lini?"

"Kiangazi."

"Kiangazi mbuzi wanashushwa bondeni kwenye maji, nyasi za juu zipumzike! Hukuuliza mtu?"

Hakuwa ameuliza. Kule mlimani alitazama picha za angani, akatazama nyasi kavu, akaandika "isiyotumika".

"Toka," alisema Fundi, akimsukumia ramani kifuani. "Nenda kapande miti sebuleni kwako."

Jumanne simu iliita mara tisa. Fundi hakupokea. Alijua kabisa mwenzake anataka kutetea kampuni. Angepokea, angesikia mbuzi wakilia. Kijana alikuwa kijijini kwa kina Fundi, akimfuata mama wa Fundi malishoni, kifaa cha kupimia mkononi, anaandika kila njia ya mifugo.

Alhamisi alipiga mama.

"Mwanangu, kuna mtu wako huku."

"Mtu gani, mama?"

"Mrefu. Anatembea kama anakanyaga mayai. Jana beberu kampiga pembe, kaomba radhi yeye."

"Kampuni imemtuma?"

"Nani amtume! Bosi kampigia nikisikia, anafoka arudi. Kamjibu, 'Mzee, ramani nimekosea mimi, na mkutanoni nitasema mimi.' Hebu pokea simu ya mtoto wa watu."

Fundi alipiga mwenyewe. Betri ya kijana ilikuwa imekufa.

Jumamosi asubuhi akatokea kibandani, suruali imechanika gotini. Mteja mmoja alikuwa kwenye benchi akisubiri gauni.

"Jana kijiji kimesaini ramani mpya," alisema kijana. "Miti itapandwa makorongoni na mipakani. Malisho yamebaki ya mama."

Fundi alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Na wewe?"

"Kampuni imenichukulia gari lake. Nimehamishiwa kule mwaka mzima, nikague miche kwa miguu."

"Kwa hiyo umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuuliza. Mama kasema yeye hana neno, kanituma kwa mwenyewe. Fundi wangu, nikuoe?"

Fundi aliuondoa mguu kwenye cherehani.

"Safari hii umeuliza kwanza," alisema Fundi. "Umejifunza."

"Hilo ndilo jibu?"

Fundi alimgeukia mteja. "Dada yangu, nisamehe, gauni lako njoo Jumanne. Leo nakata la kwangu."